Usukani Unaokwama Hutoa Ishara Kabla ya Kuua

Hotuba kwa madereva, mafundi na wenye magari, Buyenzi, Bujumbura

 Sisi ni wa Polisi tunaosimamia usalama wa barabarani.

Tumeomba kuzungumza nanyi hapa Buyenzi kwa sababu mtaa huu ni mtaa wa Kiswahili na pia ni mtaa wa mafundi. Gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka mpaka wa Kobero na kuteremka hadi ziwani, mara nyingi hufunguliwa boneti na mkono wa fundi wa hapa. Jambo tulilokuja nalo ni moja: usukani, ambao wengi wenu mnauita volani, unaokwama au kuwa mzito gari likiwa katika mwendo mkali. Tungependa tuelewane juu ya dalili zake, sababu zake, na la kufanya unapotokea. Zaidi ya hayo, tuelewane ni nani mwenye wajibu wa kulisimamisha gari la namna hiyo kabla halijaingia barabara kuu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo una ukweli wake kwa mambo yanayomfika mtu pasipo kutazamiwa. Usukani haumo katika mambo hayo. Kabla ya kukwama kabisa hutoa ishara kwa siku nyingi, na mara nyingi dereva huzihisi mikononi mwake. Ishara iliyohisiwa ikanyamaziwa haiwezi tena kuitwa bahati mbaya.

Kukwama kwa usukani kuna namna mbili, na ni vyema tuzitenganishe.

Namna ya kwanza huonekana gari likienda moja kwa moja kwa kasi. Usukani hung'ang'ania pale pale katikati. Dereva anataka kusogea kidogo tu kukwepa shimo au mpanda baiskeli, lakini usukani haumtii. Anaongeza nguvu, mara unaachia kwa ghafla na gari linaruka upande kuliko alivyokusudia. Mjini, kwa mwendo mdogo, kosa hilo ni la shibri moja, na dereva hulirekebisha bila hata kulifikiria. Kwenye barabara kuu mambo ni mengine. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde moja ya kushindana na usukani, gari limekwisha kuvuka upande wa anayekuja mbele.

Msidhani kasoro hiyo ni ya magari chakavu peke yake. Mnamo Oktoba 2024 kampuni ya Honda ilitangaza nchini Marekani kurudisha gereji magari yapatayo milioni 1.7, mengi yakiwa ya miaka ya 2022 hadi 2025, kwa sababu hiyo hiyo. Ndani ya boksi la usukani mlikuwa na gurudumu la meno ambalo halikutengenezwa sawasawa, likasuguana kupita kiasi na skrubu inayolizungusha. Dawa yake ilikuwa kubadilisha springi na kupaka grisi ipasavyo. Tazameni basi: magari mapya, barabara nzuri, na hatari nzima imetokana na springi na grisi.

Tunaitaja habari hiyo kwa sababu nyingine pia. Kiwanda kinapogundua kasoro humwandikia barua mwenye gari aliyesajiliwa nchini kwake. Gari likiuzwa, likapakiwa melini na kufika kwetu, barua hiyo haivuki bahari pamoja nalo. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika na ajiandikie barua mwenyewe. Watengenezaji wengi wana ukurasa wa intaneti ambapo mtu huandika namba ya chesi na kuonyeshwa kama gari lake limo katika orodha ya yanayotakiwa kurekebishwa. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsaidia mzee wake kufanya hivyo.

Namna ya pili ni usukani kuwa mzito ghafla. Magari mengi ya siku hizi husaidiwa kugeuza magurudumu, ama kwa pampu ya mafuta inayozungushwa na injini, ama kwa mota ya umeme. Msaada huo ukikatika, usukani bado unageuka, lakini unadai nguvu ambayo dereva hakuitazamia, na mara nyingi huidai katikati ya kona. Mkanda unaolegea, mafuta ya usukani yanayovuja, betri iliyochoka: yote hayo huweza kuleta hali hiyo. Lakini ipo sababu moja ambayo tunaiweka mbele ya nyingine zote, kwa kuwa inatoka mikononi mwetu wenyewe. Nayo ni kuzima injini kwenye mteremko.

Tunaijua dhiki ya mafuta. Miaka hii mmelala kwenye foleni za vituo, mmehesabu lita moja moja, na hatukuja kumkejeli mtu anayetaka kuokoa alichokipata kwa shida. Lakini tuitazame barabara yenyewe. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770; Bugarama iko juu ya mita 2,000. Anayeshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura kwa barabara ya RN1 huporomoka zaidi ya mita elfu moja katika umbali mfupi, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Njiani kuna malori ya mizigo yanayotoka Kanyaru, kuna wauza mboga, na kuna vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi na magunia ya makaa wanaoteremka kwa kasi ya gari.

Dereva anayezima injini hapo hupoteza vitu vitatu kwa mara moja. Hupoteza msaada wa usukani. Hupoteza msaada wa breki, kwa kuwa akiba iliyobaki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Tena hupoteza gia inayozuia gari lisijiendee. Akizungusha ufunguo kupita kiasi au kuuchomoa, kufuli ya usukani inaweza kujifunga, na gari likabaki halina mwenye kuliongoza. Ametafuta kuokoa kikombe cha mafuta, akaweka rehani roho za watu wote waliomo garini.

Huko Marekani, mwaka 2014, kampuni ya General Motors ilirudisha magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza na kuzima injini gari likiwa njiani. Usukani ulikuwa mzito, breki zilipoteza msaada, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria haikufunguka. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Huko taifa zima lilighadhibika kwa sababu injini zilijizima zenyewe. Itakuwaje sisi tuzizime kwa hiari?

Liko jambo jingine linalotuhusu sana sisi watu wa mipakani. Burundi, Rwanda na Kongo tunaendesha kulia. Jirani zetu wa Tanzania, Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yana usukani upande wa kulia. Dereva wa gari kama hilo katika barabara zetu hukaa upande wa ukingo. Akitaka kulipita lori, hulazimika kulitoa gari lake nje sana ndipo aone kinachokuja. Usalama wake wote unategemea kurudi haraka ndani ya njia yake. Usukani unaokwama humnyima kurudi huko. Kwa hiyo mwenye usukani wa kulia na awe wa kwanza kuukagua, na akiuhisi una kasoro, asilipite gari lolote.

Sasa tuseme na mafundi, ambao tunawaheshimu kwa ujuzi wao. Mnajua kuliko sisi kwamba kifuniko cha mpira kinachopasuka huingiza maji na mchanga kwenye boksi la usukani. Wenye magari ya Gatumba wanaijua habari hiyo, kwa maana miaka ya karibuni maji ya Rusizi na ya ziwa yamefunika barabara ile mara nyingi, na magari yamepita majini siku kwa siku. Gari lililopita majini likaguliwe vifuniko hivyo, grisi, boljointi na tairodi. Tunawasihi mambo matatu. Msitie katika usukani mafuta yasiyo yake, hasa mafuta ya breki, kwa kuwa huharibu mipira ya ndani. Msichomelee tairodi iliyopinda au kuvunjika, ibadilishwe. Na mwenye gari akisema, "Funga tu, tutaona," mwambieni waziwazi kwamba gari hilo halifai kupanda mlima. Neno la fundi likisemwa mbele ya shahidi lina uzito.

Nanyi wenye magari, tunawaomba mtusikilize kwa moyo mpana. Dereva wengi hawamiliki gari wanaloliendesha. Kila jioni wana hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Dereva akisema usukani unakwama, tajiri akajibu kwamba hesabu ya leo ni ile ile, basi gari hilo limesukumwa barabarani na watu wawili, ingawa aliyeshika usukani ni mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda na lita ya mafuta ya usukani ni ufa. Jeneza na kesi ni ukuta. Tena msijikinge kwa cheti cha ukaguzi. Cheti huonyesha gari lilivyokuwa siku ile lilipokaguliwa. Hakiwezi kugeuza gurudumu la leo.

Ndugu madereva, kabla ya safari fanyeni haya, hayazidi dakika tano. Tazameni upepo wa matairi, kwa kuwa tairi laini hufanya usukani kuwa mzito. Tazameni chupa ya mafuta ya usukani na mkanda. Washeni injini, mzungushe usukani kushoto na kulia hadi mwisho, msikilize kama unalia au kung'ang'ania. Kisha endesheni polepole na mpinde kona: usukani ulio mzima hutaka kurudi katikati wenyewe mkiulegeza. Ukibaki pale ulipoachwa, safari imeishia hapo.

Ikiwa umekwama tayari uko kwenye mwendo, shikeni maneno haya. Usiunyakue kwa nguvu, maana ukiachia ghafla utakurusha. Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika kwa mikono miwili na ubane kwa nguvu inayoongezeka taratibu. Washa taa za tahadhari. Kanyaga breki sawasawa gari likiwa limenyooka, punguza gia, na utafute ukingo. Injini isizimwe mpaka gari lisimame. Kama injini imezimika yenyewe, usichomoe ufunguo. Usukani bado unageuka ukiutumia mikono yote miwili, na breki ikanyagwe mara moja kwa nguvu bila kuachia, usiipige mara nyingi. Kwenye mteremko, teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Mwisho, tunasema na abiria na wazee wa mitaa. Abiria anayemwona dereva akipigana na usukani, au anayesikia injini ikinyamaza kwenye mteremko wa Bugarama, au kwenye kona za ziwani kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, ana haki ya kusema. Aseme kwa adabu, lakini aseme, na wenzake wamuunge mkono. Mnapofika kwenye kizuizi, tuambieni. Gari linalosimamishwa kwa neno la abiria huwachelewesha watu kwa saa kadhaa. Lisiposimamishwa, huenda wasifike kabisa.

Barabara hizi ndizo zinazotuunganisha na ndugu zetu wa Uvira, Kabanga, Manyovu na Rwanda. Mkungu wa ndizi, gunia la mchele, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mtoto anayerudi shuleni: wote hao hupita mikononi mwa dereva, nayo mikono ya dereva imeshika kitu kimoja tu. Tukitunze kitu hicho. Leo hii, kabla hamjalala, kila mwenye gari amwulize dereva wake swali moja: usukani unaendaje? Kisha alisikilize jibu.