SADAKA IPITAYO KATIKA MSHAHARA: HIARI, HAKI NA UWAZI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati ya Haki na Amani, Namasakata



Wengi wetu tuliokusanyika hapa ni wakulima. Wanaopokea mshahara wa Serikali, yaani walimu, wauguzi na watendaji, ni wachache. Hata hivyo tumechagua kuzungumza juu ya mshahara wao, kwa sababu mbili. Kwanza, mshahara mmoja kijijini hulisha nyumba nyingi: wazazi, wadogo zake mtu, yatima wa kaka yake, na mgonjwa anayesubiri nauli ya kwenda hospitali. Pili, mkulima anayeuza korosho kwa stakabadhi ghalani anajua maana ya makato. Naye huusoma mchanganuo wa malipo yake na kuuliza: hii imekatwa kwa ajili gani, na nani aliniuliza?

1. HALI ILIVYO

Mwalimu mmoja alitujia na hati yake ya mshahara. Alikuwa amekatwa fedha kwa ajili ya mchango wa maafa. Hakuwa ametia sahihi popote, wala hakuwa amehudhuria kikao chochote. Alipouliza ofisini aliambiwa kuwa watumishi wote wamekubali. Hakuja kwetu kudai arudishiwe. Alisema, "Baba, kama wangeniomba ningetoa zaidi ya hizo. Sasa nimetoa, lakini sijatoa."

Maneno hayo tumeyatafakari muda mrefu. Mama huyo alinyang'anywa fedha kidogo, lakini kubwa zaidi alinyang'anywa nafasi ya kutenda mema.

Jambo hili si la mahali pamoja tu. Mwaka 2014, kila shule ya sekondari ya kata ilipotakiwa kuwa na maabara tatu, na muda ukasogezwa hadi Juni 2015, wananchi walichangishwa nchi nzima, na katika wilaya kadhaa walimu walilalamika kwamba mishahara yao ilikatwa bila ridhaa yao. Maabara ni kitu chema, na watoto wetu wanazihitaji. Lakini wema wa lengo hauhalalishi kila njia.

Tunakumbuka pia tetemeko la ardhi lililoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016. Watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupata nyufa. Watanzania wa kila dini walitoa kwa moyo. Lakini mwezi huohuo viongozi wawili wa Serikali mkoani humo waliondolewa katika nafasi zao kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la akaunti rasmi ya maafa. Na Januari 2017 ilielezwa kwamba michango ingeelekezwa kwenye taasisi za umma, kama shule, wala Serikali isingemjengea nyumba kila aliyeathirika. Kujenga upya shule ni kazi njema. Ila wengi waliotoa walikuwa na picha ya mjane aliyelala chini ya turubai, nao walijiona kama hawakushirikishwa. Mtu wa namna hiyo, akiombwa tena, mkono wake huwa mzito.

2. NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, tunasoma habari za Anania na Safira. Mara nyingi tunaihubiri habari hiyo ili kuwatisha wanaotoa kidogo. Tuisome vizuri. Petro anamkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa mali yake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza, fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Hata katika Kanisa lile la mwanzo, ambamo waamini walishirikiana mali zao, Mitume hawakuingiza mkono katika mfuko wa mtu.

Mtume Paulo naye alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaambia wazi kwamba hatoi amri. Alitaka kila mmoja aamue moyoni mwake, asitoe kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Tena hakuzichukua fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate sababu ya kumlaumu kuhusu sadaka ile (2 Kor 8-9). Hiari na uwazi, basi, vimo katika mchango wa Kanisa tangu mwanzo.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara lazima utoshe kumtunza mfanyakazi, na kwamba kumnyima mfanyakazi haki yake ni dhambi kubwa. Anayekata mshahara pasipo ridhaa wala sheria anagusa chakula cha watoto wa mtu. Ndiyo maana tunasema kwamba haki hutangulia upendo. Hatuwezi kumtendea maskini mmoja huruma kwa kumdhulumu mwingine.

3. SHERIA YA NCHI

Sisi si mawakili, lakini Mkristo anapaswa kuijua sheria inayomlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale makato yanaporuhusiwa na sheria iliyoandikwa, mkataba wa pamoja, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi. Au pale mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Kodi na mchango wa pensheni vina sheria zake. Mchango wa huruma si kodi, wala si deni. Kusema "kikao kilikubali" hakutoshi. Huruma haipigiwi kura kwa niaba ya mtu asiyekuwapo.

Je, basi, mtumishi asitoe kupitia mshahara wake? Hatusemi hivyo. Kutoa kidogo kila mwezi ni namna nzuri ya kuratibu ukarimu, kwa sababu mwisho wa mwezi mfuko huwa mtupu na nia njema hufa. Mtumishi anaweza kuiagiza benki yake kwa maandishi ipeleke kiasi fulani kwa kituo cha yatima au mfuko wa wagonjwa, na anaweza kulifuta agizo hilo siku atakayo. Uwezo huo wa kulifuta ndio unaoonyesha kwamba mali ni yake na moyo ni wake.

4. TUJIFUNZE KWA WENGINE

Nchini Marekani watumishi wa serikali kuu nao walichangishwa kazini kwa miaka mingi. Zamani palikuwa na vurugu: kila chama kilikuja na bahasha yake, ofisi zilipangiwa viwango, na wakubwa waliwashinikiza wadogo. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alitoa amri ya kuweka utaratibu, na baadaye katika miaka hiyo ya 1960 michango iliunganishwa katika kampeni moja, na makato ya mshahara yakaruhusiwa kwa anayetaka.

Kilicho cha maana kwetu ni kanuni walizoweka. Mkuu hamwombi mchango mtumishi aliye chini yake, wala hamwulizi kama ametoa au ametoa kiasi gani. Ni marufuku kuweka lengo kwamba watumishi wote, asilimia 100, lazima watoe. Ni marufuku kutunga orodha ya wasiotoa. Ni marufuku kutumia mchango katika kupima utendaji wa mtu. Mtoaji huchagua mwenyewe shirika analolisaidia, na anaweza kuficha jina lake. Watu hao walijifunza kwamba palipo na cheo, ombi hugeuka amri kwa urahisi sana. Mwalimu anayeogopa uhamisho hawezi kumwambia mkubwa wake "hapana."

5. TUANZE NYUMBANI MWETU

Ndugu wapendwa, tusinyoshe kidole kwa Serikali peke yake. Nasi mapadre na viongozi wa walei tumekosa. Tumesoma hadharani majina ya wasiomaliza mchango. Tumewaacha watu waamini kwamba mtoto hatabatizwa mpaka deni la ujenzi lilipwe. Tumejenga, na hatukusoma hesabu. Zaka na kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini, na hilo hatulifichi. Lakini wajibu wa dhamiri hufundishwa kwa subira. Haukamatwi kama kuku.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

(a) Kila mchango katika kigango utangazwe pamoja na lengo lake, kiasi kinachohitajika na jina la kamati inayousimamia.

(b) Orodha isomwe ya mapato na matumizi, wala isisomwe ya wadaiwa.

(c) Mtumishi aliyekatwa bila ridhaa aandike barua kwa mwajiri kwa heshima, aulize sheria iliyotumika, na atunze nakala. Asiyejua kuandika barua ya namna hiyo aje kwa Kamati ya Haki na Amani.

(d) Viongozi wa Serikali walio waamini wenzetu wasikubali kuleta orodha ya makato yasiyo na sahihi za watu.

(e) Wenye mshahara wasijifiche nyuma ya mada hii. Anayedai haki ya kutolazimishwa ana wajibu mkubwa zaidi wa kutoa bila kulazimishwa. Mwalimu yule, baada ya mazungumzo yetu, alichukua unga na shuka akaenda mwenyewe kwa familia mojawapo iliyoezuliwa nyumba. Hakutuambia yeye, tulisikia kwa walioletewa.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika Jumuiya yetu yupo aliyekatwa mshahara au malipo ya mazao bila kuulizwa? Tulimsaidiaje?

2. Tusome 2 Wakorintho 8:16-21. Ni nani kati yetu anayeweza kutumwa kama yule ndugu, watu wote wakamwamini?

3. Mara ya mwisho hesabu za kigango chetu zilisomwa lini?

Mungu atujalie mikono iliyo wazi, na vitabu vya hesabu vilivyo wazi pia.