Kigoda cha Dhahabu na Udhuru wa Kutojua

Mwaka 1926 mmisionari Edwin W. Smith alitoa kitabu alichokipa jina la Kigoda cha Dhahabu, na tangu hapo maelezo yake ya vita vya 1900 kati ya Waingereza na Waasante yamezoeleka: Gavana wa Gold Coast, Frederick Hodgson, hakujua mila, akadai kitu kitakatifu akidhani ni kiti cha kukaliwa, damu ikamwagika kwa kutoelewana. Nia ya Smith ilikuwa njema, kwani alitaka watawala wajifunze tamaduni za waliowatawala. Ushahidi, hata hivyo, unamkataa. Hodgson alikisaka kigoda kile kwa sababu alijua vya kutosha.

Asili ya kigoda mnaifahamu: kuhani Okomfo Anokye, mfalme Osei Tutu, na Ijumaa ambayo mapokeo yanasema kigoda kilishuka kutoka mbinguni. Linalotuhusu ni kwamba hata Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, hakikalii, maana roho ya taifa imo ndani yake, na kwamba uzito wake wa kisiasa haukuwa siri ya makuhani. Adinkra, mfalme wa Gyaman, alipojitengenezea cha kwake, Asantehene Osei Bonsu alimwendea kwa vita, akamshinda, akakiyeyusha kigoda hicho. Karibu miaka 80 kabla ya Hodgson, basi, majirani wa Asante walikwishajua kwamba mwenye kigoda anadai enzi. Waingereza, waliokuwa wamepigana na Waasante tangu miaka ya 1820 na kuuchoma mji wao mkuu, Kumasi, mwaka 1874, wangewezaje kutolijua hilo?

Shahidi ninayemthamini kuliko wote ni Kapteni Cecil Armitage, katibu wa Hodgson mwenyewe, aliyeandika pamoja na afisa mwenzake Montanaro kitabu kuhusu vita hivyo mwaka 1901. Thamani yake ni kwamba hakuandika ili kumshtaki bwana wake. Anasimulia kazi aliyotumwa. Kabla gavana hajatamka neno hadharani, kijana mmoja alifika Accra akidai kujua maficho ya kigoda, na Armitage akatumwa kwa siri kukitafuta. Hakukipata. Tarehe 28 Machi 1900 Hodgson akawakusanya machifu Kumasi, akadai riba ya fidia ya 1874, akauliza kwa nini hakuletewa kigoda akikalie. Siku chache baadaye Armitage alikuwa msituni tena, safari hii na askari, wakipekua na kuchimba katika kijiji cha Bare, hadi waliposhambuliwa na kurudishwa Kumasi na majeruhi. Nani hutuma msafara wa siri, kisha wa silaha, kufuata samani?

Atakayenipinga atasema kwamba swali lenyewe la kukikalia linathibitisha ujinga. Nakubali kwamba Hodgson hakujua namna kigoda kinavyotunzwa. Lakini alijua kazi ya kigoda hicho, ndiyo maana akakidai kwa jina la malkia wake kama mamlaka kuu. Asantehene Prempeh alikwishakamatwa mwaka 1896 na kuhamishwa. Kilichobaki nje ya mikono ya serikali ni alama iliyoweza kumweka mfalme mwingine. Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, aliielewa hesabu hiyo, akaongoza vita.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya mwaka 1921. Baada ya wajenzi wa barabara kukifukua kigoda na wezi kukivua mapambo yake, serikali, kwa ushauri wa mwanaanthropolojia wake R. S. Rattray, ilitangaza kwamba haitakichukua. Je, si ushindi wa elimu? Rattray alistahili sifa, lakini tazameni hali ilivyokuwa: Asante ilikwishatwaliwa rasmi kuwa koloni, na Prempeh alikuwa bado Ushelisheli, visiwa vilevile walikopelekwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Ahadi hiyo haikuigharimu serikali chochote.

Nawaomba walimu wa historia waache kuvifundisha vita vya 1900 kama ajali ya kutoelewana. Yaa Asantewaa alifia uhamishoni Oktoba 1921, na kigoda hakikuwahi kufika mikononi mwa Waingereza.