Kwa Nini Makoloni Sita ya Australia Yaliungana

Ninyi mnaousoma ukurasa huu darasani, someni polepole. Mwenye kukwama asaidiwe na jirani yake.

Fungueni ramani mtazame Australia. Mtaona nchi moja kubwa yenye bahari pande zote. Mtu aweza kudhani kuwa ilikuwa nchi moja tangu zamani. Sivyo. Mpaka mwaka 1900 palikuwa na makoloni sita ya Waingereza: New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia, na kisiwa cha Tasmania. Kila koloni lilikuwa na gavana wake, bunge lake na ushuru wake. Malkia wao alikuwa mmoja, lakini serikali zao zilitazamana kama wachuuzi wanaogombea mnunuzi mmoja.

Sasa fikirini safari ya garimoshi. Mwaka 1883 reli iliyotoka Sydney, mji mkuu wa New South Wales, ilikutana na reli iliyotoka Melbourne, mji mkuu wa Victoria. Zilikutana Albury, karibu na mto Murray ulio mpaka. Zilikutana, lakini hazikuungana. Reli ya New South Wales ilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Ya Victoria ilikuwa futi 5 na inchi 3. Basi abiria walishushwa na kupanda garimoshi jingine, na mizigo ilipakuliwa na kupakiwa upya. Watu wa forodha nao walikuwapo, wakitazama yaliyomo masandukuni. Huko Queensland reli zilikuwa nyembamba zaidi, futi 3 na inchi 6. Lakini tusiwacheke sana. Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania ina upana wa mita 1, na TAZARA ina futi 3 na inchi 6.

Ushuru uliudhi kuliko reli. Victoria ilitoza ushuru mkubwa ili viwanda vyake vikue. New South Wales ilipenda biashara huru. Mkulima wa New South Wales aliyekaa kando ya mto Murray alikuwa karibu na Melbourne kuliko Sydney. Lakini akitaka kuuza mazao yake ng'ambo ya mto, alihesabiwa kama mgeni. Wewe msomaji, ungesemaje kama jirani yako wa ng'ambo angelipishwa fedha kwa kila gunia unalomuuzia?

Tena palikuwa na hofu. Mwaka 1884 Wajerumani walitwaa sehemu ya kaskazini ya New Guinea, na Wafaransa walikuwa tayari New Caledonia. Mwaka 1889 jenerali mmoja Mwingereza alikagua askari wa makoloni, akashauri wawe chini ya amri moja. Mwaka huo huo Henry Parkes, mkuu wa serikali ya New South Wales, alihutubia watu katika mji wa Tenterfield, akataka makoloni yaungane.

Viongozi walikutana na kuandika katiba mwaka 1891, lakini ikalala. Mwaka 1893 biashara ilianguka na benki nyingi zikafunga milango. Hapo, katika mji mdogo wa Corowa kando ya mto ule ule, watu walikutana wakasema: wananchi wenyewe wachague wajumbe, kisha wananchi wenyewe waipigie katiba kura. Kwa maoni yangu, hapo ndipo jambo lilipoanza kutembea.

Hata hivyo makoloni madogo yaliogopa kumezwa. Wakapatana kuwa na mabaraza mawili bungeni: moja la wajumbe kwa hesabu ya watu, na jingine ambamo kila koloni la kwanza lina viti sawa. Mwaka 1898 kura za ndiyo New South Wales zilikuwa 71,595, nazo zilitakiwa 80,000. Ikabidi kupatana tena. New South Wales ikaahidiwa makao makuu, lakini yawe maili 100 au zaidi kutoka Sydney. Ndiyo asili ya Canberra. Western Australia ilikubali mwisho, Julai 1900. New Zealand, iliyokaa nao mwaka 1891, haikuingia. Muungano ulianza tarehe 1 Januari 1901.

Lakini wengine hawakuulizwa. Katiba ilisema wenyeji wa asili wasihesabiwe katika hesabu ya watu wa nchi, ingawa walikaa humo maelfu ya miaka. Na wengi waliotaka muungano walitaka pia kuwazuia watu wasio weupe wasiingie. Ninyi mnaojifunza kuandika, sikieni hili. Kwa sheria ya mwaka 1901, afisa aliweza kumsomea mgeni maneno 50 ya lugha ya Ulaya, naye ayaandike. Afisa ndiye aliyechagua lugha. Mtu aliyejua Kiingereza vizuri aliweza kusomewa lugha asiyoijua kabisa, akashindwa, akafukuzwa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwarudisha kwao watu wa visiwa vya Pasifiki, waliokuwa wakilima miwa huko Queensland.

Na Albury je? Abiria wa kutoka Sydney walianza kufika Melbourne bila kubadili garimoshi mwaka 1962. Maneno yale juu ya hesabu ya wenyeji yaliondolewa katika katiba kwa kura ya wananchi mwaka 1967.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.