MELI ZA DUNIA NA GUNIA LETU

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa machungani na waliosafiri.)



Nimetakiwa nieleze habari ya usafirishaji wa mali duniani. Nimewasikia ndugu waliokuwa wakiguna huko nyuma: sisi wa Kizota bahari hatuna, hata mto wenye maji mwaka mzima hatuna, meli zatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Katika kila tani 100 za mali inayouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, zaidi ya tani 80 hupita baharini. Dawa ya kupulizia zabibu, spea za mashine ya kusaga, betri ya tochi, vyote hivyo hupanda meli kwanza, lori baadaye.

Tena kazi hii si ngeni hapa Ugogo. Kabla Mjerumani hajaja, misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikikatiza nchi yetu hii kavu. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Watemi wa Kigogo walikuwa na visima na nafaka, basi walitoza hongo. Wazungu waliopita hapa wamelalamika mno katika vitabu vyao. Mimi nasema wazee walijua biashara: mwenye maji ndiye aliyesema bei. Halafu reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi moja likafanya kazi ya wapagazi maelfu.

Wako wazee waliosikia habari za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wao mkubwa wa karanga. Kila mtu husema mvua na udongo viliwashinda, na ni kweli. Lakini tatizo lilianzia njiani. Matrekta yalirundikana bandarini Dar es Salaam, reli ilikuwa moja tu, na mafuriko ya Kinyasungwe yakaikata. Mwaka 1951 wakaacha. Fedha walikuwa nazo, njia ya kupitisha mzigo hawakuwa nayo.

Sasa tuje kwenye kontena. Zamani meli ilipofika, makuli walishusha gunia moja moja, sanduku moja moja, na meli ikakaa bandarini siku nyingi. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipakia makasha 58 ya chuma kwenye meli, akayapeleka kutoka Newark hadi Houston. Kasha linatoka kwenye lori, linawekwa melini, linarudi kwenye lori jingine bila kufunguliwa. Lakini siri si chuma, ndugu zangu. Siri ni kipimo! Katika miaka ya 1960 mataifa yalikubaliana vipimo vya makasha: futi 20, futi 40. Tangu hapo winchi ya China na lori la Dodoma vinaelewana bila mkalimani. Leo ziko meli zenye urefu wa mita 400, zinazobeba makasha zaidi ya 24,000 ya futi 20. Ni kama viwanja vinne vya mpira vimeungwa.

Ukubwa huo una hatari yake. Machi 2021 meli iitwayo Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez, ikaziba njia siku sita. Kuanzia Novemba 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi zikazunguka kusini mwa Afrika, zaidi ya siku kumi za ziada. Mtu atasema: mzigo wa China haupiti Suez kuja kwetu. Sawa. Lakini meli zikizunguka mbali, zilizobaki hazitoshi, na nauli inapanda hata kwa asiyepita huko.

Kuhusu bandari yetu, mnajua mkataba na DP World ya Dubai ulitiwa saini hapahapa Dodoma, Chamwino, Oktoba 2023, wa miaka 30. Watu walibishana sana mwaka ule. Mimi naangalia jambo moja: meli inangoja nangani siku ngapi? Kila siku ya kungoja inalipiwa, na mlipaji wa mwisho ni mnunuzi wa bati.

Sasa alizeti. Nchi yetu haikamui mafuta ya kututosha, kwa hiyo mawese huletwa kwa meli kutoka Indonesia na Malaysia. Meli hiyo ndiyo inayopanga bei ya shamba lako. Februari 2022 vita viliingia Ukraine, wakulima wakubwa wa alizeti, bandari zao zikafungwa. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia mawese yake kama wiki tatu. Mafuta yakapanda hadi dukani kwetu. Watu wakalima alizeti kwa nguvu. Mawese yakashuka, na mwaka 2023 wakulima wa Singida na Dodoma wakalia na bei. Hakuna mchawi aliyefanya hayo. Ndiyo maana nasema asiyejua habari za meli atauza gizani.

Bei ya Indonesia hatuiwezi. Nauli na kipimo tunaviweza. Malori yanayopita hapa kwenda Kigali na Bujumbura yanakwenda yamejaa, mengi yanarudi Dar es Salaam matupu. Lori linalorudi tupu dereva anataka japo fedha ya mafuta. Lakini hawezi kusimama kwa magunia kumi. Lori la tani 30 linataka magunia 300 ya kilo 100. Mkipakia 80, nauli ni ileile, mnalipia hewa.

Hapo ndipo lumbesa inapotuua. Dalali anakuja na gunia limeshonewa kilemba juu, wewe unahesabu moja, yeye anahesabu moja na nusu. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, lakini sheria haitembei yenyewe usiku kwenye nyumba ya anayeuza kwa njaa. Dunia nzima imetajirika kwa kasha la kipimo kimoja, sisi kila gunia lina umbo lake kama vibuyu!

Basi hoja iliyo mbele yenu ni hii: ufuta na karanga za msimu huu ziuzwe pamoja au kila mtu kivyake? Najua wapo wenye ada ya shule, hawawezi kungoja. Kwao Kamati imependekeza wapewe malipo ya kwanza, theluthi moja, siku gunia linapoingia ghalani.

Mizani italetwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Magunia yaje yameshonwa bila kilemba, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Asiyejua kuandika aje mapema kidogo, wanafunzi wa kisomo watamwandikia. Wakipatikana magunia 300, Mwenyekiti na mweka hazina watakwenda barabarani kuongea na wenye malori. Yakipungua, tutakutana tena Jumapili kabla ya mtu yeyote kuuza.