Sigara ya Moja Moja

(Maneno ya kikundi cha afya mbele ya Kamati na wakazi, Rwimbogo, wilaya ya Rusizi)



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi katika siku hii ya ukumbusho. Waliotutangulia wameeleza habari za njia tuliyopita hadi kufika hapa, na za wale tuliowazika njiani. Sisi tumeombwa kusema juu ya kitu kinachoua polepole, bila mlio wa bunduki. Kitu hicho ni tumbaku.

Tunajua wapo kati yenu wanaovuta. Hatukuja kuwaaibisha. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba na ndugu akatafuta cha kumtuliza, hatumwiti mjinga. Ila tunataka ajue vizuri anachouziwa.

Ndani ya jani la tumbaku mna dawa iitwayo nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Huko huamsha raha kidogo. Baada ya saa moja au mbili nguvu yake hupungua, na ubongo uliokwisha kuzoea huanza kudai. Mtu anakuwa na hasira, mawazo hayatulii, mikono inatafuta kiberiti. Akiwasha nyingine husema, "Sigara imenituliza." Kumbe imetuliza njaa ambayo yenyewe ndiyo iliyoileta. Ni sawa na mtu akuchome mwiba kila asubuhi, kisha akuuzie sindano ya kuutoa.

Wenye viwanda walilijua jambo hili zamani. Tarehe 14 Aprili 1994, wakuu 7 wa makampuni makubwa ya tumbaku ya Marekani walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la nchi yao, wakasema kwamba wanaamini nikotini haimfungi mtu. Lakini karatasi za siri zilizotoka nje zilionyesha kwamba wakili wa kampuni mojawapo, Brown & Williamson, alikwisha kuandika mwaka 1963 kuwa nikotini humtia mtu utumwani na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini hiyo. Miaka 31 walijua, na bado wakaapa.

Tazameni pia jinsi wanavyoipamba. Kenya na Uganda iliuzwa kwa miaka mingi sigara iitwayo Sportsman, yaani mwanamichezo. Je, ni mchezaji gani wa mpira hapa kwetu anayemaliza dakika 90 akiwa na mapafu ya mvutaji? Jina lile halikuchaguliwa kwa ajili ya mzee. Lilimtafuta kijana anayetaka kuonekana ana nguvu.

Katika vita hivi madaktari walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwamba kansa ya mapafu inafuatana na sigara. Kisha madaktari wa nchi hiyo walifuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalisema kwamba wanaume waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa kadiri ya miaka 10, na kwamba aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliokoa karibu miaka hiyo yote.

Lakini hatuhitaji kwenda hadi Uingereza. Kanungu iko kusini magharibi ya Uganda, mpakani na Kongo. Wenzetu wengi waliokimbia Rutshuru walipokewa huko, katika kituo cha Matanda. Mwaka 2015 mbunge wa Kinkizi Mashariki katika wilaya hiyo alikuwa daktari, Chris Baryomunsi. Yeye ndiye aliyepeleka bungeni muswada wa kudhibiti tumbaku. Wilaya yake ilikuwa na wakulima wa tumbaku, na kampuni ya BAT Uganda ikaandika barua kwamba haitaendelea na mikataba ya wakulima wale, ikiutaja muswada wake kuwa sababu. Mnaona hila hiyo? Daktari anatetea mapafu ya watu, naye anaambiwa kwamba ameua chakula chao.

Hakurudi nyuma. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2015, ikaanza kutumika Mei 2016. Inakataza matangazo ya tumbaku, kuuza sigara moja moja, na kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Kampuni ilikwenda mahakamani, na tarehe 28 Mei 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupilia mbali kesi hiyo. Na wananchi waliotishwa kuwa mbunge wao amewaletea njaa walimchagua tena mwaka 2016.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu swali la Kanungu ni swali letu. Wapo akina mama hapa wenye meza, na juu ya meza mna nyanya, chumvi, sabuni, samaki wakavu, na pakiti moja ya sigara iliyofunguliwa. Sigara ya moja moja ndiyo inayotoka haraka kuliko vyote. Tukisema iondoke, mama atatuuliza, "Watoto wangu watakula nini?" Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu hana ruhusa ya kuhubiri.

Jibu letu ni hili. Pesa inayonunua sigara kwenye meza ile haikutoka mbali. Imetoka katika posho ya nyumba ya jirani, mahali ambapo mtoto mwingine amekosa maharage. Na mnunuzi wa moja moja mara nyingi ni kijana. Bei ya pakiti nzima ingemshinda, lakini bei ya moja anaiweza. Hapo ndipo anapofungwa kamba. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Sisi ni wageni katika nchi hii, na inatupasa kuwa wa kwanza kuitii.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati iamue mambo matatu:

1. Sigara zisiuzwe karibu na shule wala kwenye mabomba ya maji, na mtoto asitumwe kuzinunua.

2. Mwenye meza atakayekubali kuacha sigara apewe zamu ya kwanza katika mikopo ya vikundi vya akiba, ili ajaze nafasi ile kwa bidhaa nyingine.

3. Pasivutwe sigara ndani ya nyumba zetu. Ni ndogo na zimebanana, na moshi wa baba huingia katika kifua cha mtoto mchanga.

Kwa mwenye kutaka kuacha: chagua siku, uwaambie wa nyumbani. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Hamu ikija, kunywa maji, tembea, zungumza na mtu, nayo itapita baada ya dakika chache. Ukianguka, anza tena. Mwenye kikohozi kisichokwisha aende zahanati akapimwe kifua kikuu, kwa maana tumbaku huongeza hatari yake.

Kila mwaka tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani. Sisi tuliookoka vita hatukuvuka mipaka kuja kuongeza hesabu hiyo. Mama wa meza na kijana wa kitalu, wote ni wetu, na uamuzi wa Kamati uwatazame wote wawili.