HESABU ZA WATU WA KAZI: ZATOKA WAPI, NA ZASEMA NINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyololo)



Nimeombwa niseme machache juu ya hesabu za watu wa kazi, ambazo siku hizi twaziita takwimu za ajira. Jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko wengine, kwa kuwa barua iulizayo, "Katika kata yenu wamo watu wangapi wenye kazi?" mwisho wake huja mezani petu. Jibu tuliandikalo hutumiwa katika kupanga shule, maji na zahanati. Asiyehesabiwa husahauliwa wakati wa kugawa.

Nitakalo kuwaeleza ni neno moja: hesabu haijibu ila swali lililoulizwa mwanzo. Basi kabla ya kunakili tarakimu yo yote, hatuna budi kujua aliulizwa nani, mahali gani, na kwa siku zipi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika iliweka Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne. Mwaka 1931, fedha zilipokuwa haba, idara ikavunjwa, isirudishwe hata 1938. Na katika miaka hiyo mambo ya vibarua yakawa juu ya Mabwana Shauri, pamoja na kazi zao nyingine nyingi. Kibarua wa zamani alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na siku asiyofika haikuhesabiwa. Kwa hiyo majina ya kitabuni na watu walioonekana shambani asubuhi zilikuwa hesabu mbili mbalimbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU ili kuandika vibarua kutoka mbali. Watu hao wakaitwa manamba, kwa ajili ya namba walizopewa. Lakini mke aliyebaki kijijini akilima shamba la wote wawili, yeye hakupewa namba, wala hakuandikwa katika daftari lile.

Sasa tuangalie daftari za siku zetu. Nazitaja nne.

Ya kwanza ni hesabu ya waajiri, ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huikusanya katika sekta rasmi. Hiyo huhesabu nafasi za kazi. Mtu mwenye kazi kwa waajiri wawili aweza kuhesabiwa mara mbili, na alimaye shamba lake mwenyewe hamo.

Ya pili ni orodha za mifuko, kama NSSF, na PSSSF iliyoundwa mwaka 2018. Hizo zamjua yule tu aliyeandikishwa na kuchangiwa.

Ya tatu ni sensa, ambayo ya mwisho ilifanywa mwaka 2022. Sensa hufika kila kaya, nayo ndiyo iwezayo kusema juu ya kata moja. Ila huja baada ya miaka kumi hivi.

Ya nne ni Utafiti wa Nguvukazi, uliofanywa 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Huo huuliza maswali mengi kuliko sensa, lakini kwa kaya chache zilizochaguliwa. Wafaa kwa kuijua nchi. Haufai kwa kuijua Nyololo peke yake.

Tumtwae mama mmoja kwa mfano. Anakaa hapa Nyololo, na siku tatu za juma hupanda gari kwenda Kibao kuchuma chai. Siku nyingine hupalilia mahindi yake. Kwa mnyapara, yeye ni mtu wa kazi siku tatu, tena wa Kibao. Katika orodha ya mfuko huenda hayumo. Sensa ikimwuliza kazi yake kuu, atajibu, "Mkulima," tena wa Nyololo. Utafiti waweza kumwita mwenye kazi hata kama katika siku saba amefanya kazi ya malipo saa moja tu. Mtu ni yule yule, na hakuna daftari lililosema uongo. Uongo huja pale karani anapojumlisha tarakimu za daftari mbili kana kwamba ni za daftari moja.

Tena maana ya maneno hubadilika. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva, wakakubaliana kwamba alimaye chakula cha nyumbani tu asihesabiwe tena kuwa ameajiriwa, ingawa kazi yake ni kazi. Katika nchi ya mahindi kama hii, badiliko hilo laweza kuwahamisha watu wengi kutoka safu moja hata nyingine, hali jembe la mtu halikubadilika. Basi anayelinganisha mwaka na mwaka na atazame kwanza kama maana ni ile ile.

Ndugu zangu, nashauri kila mmoja wetu, anapoandika hesabu ya watu wa kazi, aandike kando yake mambo matatu: imetoka daftari gani, ni ya tarehe gani, na ni akina nani wasiomo. Na pasipo na hesabu, aandike "haikuhesabiwa," wala asiweke sifuri. Sifuri maana yake tulitafuta tusione mtu. Na yule mama mwenye jembe yupo.