Mwanzi Haunyoshwi Ukiwa Baridi

(Hotuba ya asubuhi iliyotolewa redioni. Masomo: Isaya 42:1–4 na Yohana 21:1–17)

Nasema nanyi kutoka Kisumu, nami najua ya kuwa wengi wenu mngali mmejifunika blanketi, kwa maana huu ni mwezi wa Julai. Watu wa Limuru na Nyahururu watacheka wakisikia mtu wa Kisumu akilalamika juu ya baridi. Lakini mwulizeni mvuvi wa Dunga aliyekesha majini na taa yake akitafuta omena. Usiku upepo hutoka nchi kavu ukaenda ziwani, na alfajiri humkuta mtu huyo nguo zimelowa na meno yanagongana. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tuko karibu kabisa na ikweta, ila ikweta haimfai kitu mtu aliyelowa.

Leo nataka kusema nanyi juu ya mwanzi wa kuvulia. Msidhani nimekosa la kuhubiri. Katika Injili karibu kila mara tunasoma habari za nyavu, lakini mara moja Bwana wetu alimtuma Petro ziwani na ndoana tu, ili apate ile shekeli ya kodi (Mathayo 17:27). Kwa hiyo yule mtoto aketiye juu ya jiwe kando ya ziwa, ameshika mwanzi wake akingojea ngege auvute mshipi, anafanya kazi ambayo mtume aliifanya. Nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilifikiri najua yote yaliyo ya kujua juu ya mwanzi, mpaka nilipokwenda milimani.

Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi wa theolojia kule Limuru. Wakati wa likizo ya Julai nilitumwa nikasaidie katika parokia moja upande wa Nyeri, chini ya milima ya Aberdare. Huko kuna mito ambayo maji yake huuma kama meno. Ndani yake mna samaki aitwaye trauti, ambaye si mwenyeji wa nchi yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland, akayatia katika mto Gura, na tangu hapo samaki huyo amezaana katika mito mingi ya milima yetu. Yeye hupenda baridi. Ukimtia katika ziwa letu hapa hatadumu, joto la maji litamwua. Tena havuliwi kwa nyungunyungu tu kama sisi tulivyozoea. Huvuliwa kwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege hata ikafanana na nzi, nawe huitupa juu ya maji kwa mshipi mrefu, huku na huku, kama mtu apigaye mjeledi asiyetaka kumwumiza ng'ombe.

Katika parokia hiyo alikuwako mzee wa kanisa ambaye kila mtu alimwita Guka. Utotoni mwake alimbebea mfuko Mzungu mmoja aliyependa kuvua, na yule Mzungu alipoondoka nchini wakati wa Uhuru alimwachia mwanzi wake. Wasikilizaji, haukuwa mwanzi kama ile yetu ya ziwani, uliokatwa porini ukachongwa ncha. Huu ulikuwa umepasuliwa vipande sita vyembamba, vyote vimechongwa pembe, vikaunganishwa kwa gundi vikawa kitu kimoja, kisha ukapakwa vanishi. Ulikuwa na vipete vidogo vya kupitishia mshipi, na kiungo cha madini katikati ili uweze kukatwa mara mbili na kutiwa mfukoni. Ulikuwa mwepesi ajabu.

Guka aliutunza mwanzi ule kuliko watu wengi wanavyoitunza Biblia yao. Hakuurudisha mfukoni ukiwa na maji, kwa maana unyevu hupenya chini ya vanishi na kuharibu gundi. Hakuuegemeza ukutani usiku kucha, kwa sababu hupinda. Aliutundika wima kwa uzi. Aliniambia kwamba yule Mzungu alimsimulia habari za kwao, jinsi watu wanavyovua hata wakati wa majira ya baridi, na maji huganda yakawa barafu ndani ya vile vipete. Mtu asiye na subira huvunja barafu ile kwa kidole, na mara nyingi huvunja na ncha ya mwanzi. Aliyefundishwa huuchovya mwanzi mtoni na kungoja kidogo, kwa kuwa maji ya mto, hata yawe baridi namna gani, hayana ukali wa barafu, nayo huiyeyusha.

Basi asubuhi moja yenye ukungu Guka aliniazima mwanzi wake, akaenda kutazama ng'ombe. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Ndoana ikakwama chini ya gogo. Badala ya kuushika mshipi kwa mkono na kuulegeza, nikavuta kwa mwanzi, nikavuta tena kwa hasira. Ndoana ikatoka, lakini ncha ya mwanzi ikabaki imepinda kama kidole cha mzee. Nikaona haya. Nikafikiri, nitaunyosha kabla hajarudi. Nikauweka juu ya goti nikaukaza. Nikasikia sauti ndogo, tek! Wasikilizaji, sauti ile naisikia hata leo.

Guka alirudi, akautazama mwanzi, akanitazama na mimi nilivyokuwa natetemeka. Hakuniuliza neno. Alisema, "Twende nyumbani, pasta mdogo, uji utapoa." Nikanywa uji karibu na jiko hata vidole vikarudiwa na damu. Ndipo akautwaa mwanzi. Alisema, "Haunyoshwi ukiwa baridi." Akaushika juu ya mvuke wa birika, mbali na makaa, akiupitisha huku na huku bila kuutuliza mahali pamoja, kwa maana moto mwingi huunguza nyuzi za mwanzi na kuifungua gundi. Kila mara aliugusa kwa shavu lake. Ulipopata joto akaukunja polepole kuelekea upande wa pili, akakaa ameushika vile vile. Nikamwambia, "Guka, mbona sasa umenyoka, kwa nini huuachi?" Akasema ya kwamba ukiuachia ungali na joto, hurudi pale pale ulipokuwa, sharti upoe mkononi mwako. Tulikaa muda mrefu. Mwishowe akaifunga ile sehemu iliyopasuka kwa uzi wa hariri, mzunguko juu ya mzunguko, akaipaka vanishi. Juma lililofuata alivua nao trauti wawili.

Sasa nitawaambia kwa nini nimeyakumbuka haya, na si jambo la kunisifu.

Katika parokia ninayoitumikia alikuwako kijana mmoja, mwimbaji hodari, mtunza fedha za vijana. Ameniruhusu niyaseme haya bila kumtaja jina. Alfajiri moja ya Julai, manyunyu yakianguka, alibisha mlangoni kwangu. Alisema kwamba shilingi 18,000 za safari ya kwaya zimekwisha. Amezipoteza zote katika kamari ya mpira ile ya simu, usiku baada ya usiku, akitumaini kurudisha zilizopotea. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa sweta. Yeye alikuwa amesimama mvuani. Sikumwambia aingie. Nilimwambia, "Jumapili utasimama mbele ya washarika wote uyaseme hayo." Akajibu, "Sawa, Pasta." Akaenda zake.

Jumapili hakuja, wala Jumapili iliyofuata. Nami nilijihesabu kuwa kasisi mwaminifu asiyependelea mtu. Miezi mingi ikapita. Mama yake aliendelea kuketi benchi la tatu, akapokea Ushirika Mtakatifu mkononi mwangu, asiseme neno lolote juu ya mwanawe. Wengine wetu tumezoea kuhubiriwa na watu wasemao sana. Mimi nilihubiriwa na mama yule kwa kunyamaza kwake, na nilichukua muda mrefu kuelewa hotuba.

Halafu mwezi wa Juni nilikuwa napita ufuoni asubuhi, nikamwona. Ameketi juu ya jiwe, amejifunga gunia mabegani kwa sababu ya upepo, anavua ngege kwa mwanzi. Ncha ya mwanzi ule ilikuwa imepasuka, naye ameifunga uzi. Nikasimama. Nikaisikia tena ile tek!

Katika kitabu cha nabii Isaya tunasoma habari za Mtumishi wa Bwana, ambaye mwanzi uliokwisha kuumia yeye haumalizii kwa kuuvunja, na utambi ufukao moshi hauzimi. Naye Mathayo anatuonyesha kwamba Mtumishi huyo ni Yesu. Mwalimu wetu chuoni alitueleza kuwa mmea unaotajwa pale ni tete, la namna hii tunayoiona kandokando ya ziwa. Huenda ni kweli. Lakini mimi nashukuru kwamba waliotupatia Biblia ya Kiswahili waliandika mwanzi.

Tena usomeni Yohana 18, usiku ule aliposhitakiwa Bwana. Kulikuwa na baridi, watumishi wakawasha moto wa makaa, na Petro alisimama akiota moto pamoja nao, na hapo ndipo alipomkana. Kisha fungueni sura ya 21. Ni alfajiri, kando ya ziwa. Wanafunzi wamevua usiku kucha wasipate kitu, na Petro amejitupa majini akafika ufuoni amelowa chapachapa. Anakuta nini? Moto wa makaa. Katika Kiyunani neno hilo la moto wa makaa hupatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, pale alipoanguka Petro na hapa alipoinuliwa. Bwana aliuwasha mwenyewe, akaweka samaki na mkate. Naye hakuanza kwa kuuliza, "Simoni, kwa nini ulinikana?" Aliwaita wale kwanza. Walipokwisha kula, ndipo alipouliza, tena aliuliza mara tatu, na Petro alihuzunika. Swali halikuachwa. Liliulizwa mtu akiwa amekwisha kupata joto.

Mimi niliuliza kwanza, mvuani.

Basi kesho yake nilishuka ufuoni kabla ya mapambazuko na chupa ya chai na mandazi. Nikasema, "Oyawore, wuoda." Hakugeuka. Akasema, "Pasta, umefuata zile pesa?" Nikasema, "Nimeleta chai." Akanyamaza kitambo, kisha akanipa mwanzi wake niushike, maana mtu hawezi kunywa chai na kuvua pamoja. Hatukusema lolote siku ile. Samaki pia hakuna.

Siku ya tatu nilimwomba radhi kwa kumwacha mlangoni. Alilia, nami sikuwa mbali na kulia. Baadaye alitoa mfuko wa plastiki kutoka ndani ya shati, mna shilingi 4,300 alizoweka akiuza ngege, na simu yake ni ile ndogo isiyo na kamari, kwani ile kubwa aliiuza. Alisema angeleta zote zikitimia, ila aliogopa mlango.

Wako wazee wanaoniambia ya kuwa naifanya dhambi kuwa kitu chepesi. Nawaheshimu, kwa kuwa walichanga zile fedha. Nimewajibu kwamba deni lingalipo, na yeye mwenyewe analijua kwa shilingi na senti. Guka hakuuacha mwanzi umepinda eti kwa sababu anauhurumia, aliukunja. Lakini aliukunja ukiwa na joto, naye aliushika mpaka ukapoa. Hilo la mwisho ndilo linalonishinda. Kupeleka chai siku tatu ni rahisi, mtu aweza hata kuyasimulia redioni. Sijui nitakuwa wapi mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha na mimi nimechoka.

Jumapili iliyopita kijana hakuja kanisani. Baada ya ibada mama yake alinifuata mlangoni akanipa ngege wawili waliofungwa katika gazeti. Alisema, "Umetumiwa." Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Kesho alfajiri nitashuka tena. Amenituma uzi, wa nailoni, maana ule alioutumia kuifunga ncha ya mwanzi wake umeanza kulegea.

Bwana awalinde ninyi nyote mnaosikiliza, na wale walioko majini asubuhi hii.